Rafiki yangu wa opera alianza kunisifia mashairi, nikajua simu yake imeibiwa

Habari za humu wakuu. Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijatia chumvi. Kama kuna mtu wa Bunda atakitambua, anyamaze tu.

Nakaa Kitaji, Musoma. Nina rafiki wa tangu kwaya ya parokia kule Butiama, nitamwita Magesa. Padre mmoja alikuwaga anatupigia kaseti za opera baada ya mazoezi. Wenzetu walicheka, sisi wawili tukanasa.

Magesa alihamia Songea kikazi. Tangu hapo namtumia mashairi yangu kwa voice, pamoja na habari za opera ninazookota mtandaoni: nani kaimba, nani kakwama kwenye noti ya juu.

Yeye alijibu kwa voice ndefu za kunisema. "Wewe mizani unakoseaga kila siku, ulisomaga wapi?"

Mwaka huu voice zikakata. Zikaja meseji fupi: "Ahsante sana ndugu yangu. Shairi lako limenifurahisha."

Wakuu, Magesa hajawahi kufurahishwa.

Halafu ile -ga yetu ya Mara, ya "unakoseaga", haipo kabisa. Kiswahili kimenyooka kama taarifa ya habari. Nikipiga, simu haipokelewi.

Nikamtega. Nikarekodi shairi bovu makusudi, halina kina hata kimoja.

Jibu: "Vina vimepangika vizuri."

Nikasema huyu mwizi. Nikawa nasubiri aombe hela, ile "tuma kwenye namba hii". Haikuja, na hapo ndipo nikaogopa zaidi. Mwizi gani anaiba simu ili asikilize mashairi? Nikaanza kujiuliza kama Magesa yuko hai.

Nikapanda gari mpaka Bunda, dada yake anauza dagaa sokoni. Nikamweleza yote, na screenshot nikamwonyesha.

"Kumbe wewe ndo wa mashairi?" akasema. "Sasa kaka, mtu hasikii, unamtumiaga masauti ya nini?"

Hasikii?

"Aliumwa, masikio yote mawili yakaondoka. Wifi yangu ndo anasikilizaga, anamwandikia zile habari za opera, halafu anakujibu. Ni mtu wa hukohuko Songea. Mashairi hajui, anasifiaga tu usijisikie vibaya. Magesa alimkataza kukwambia. Alisema ukijua, utaacha kumletea muziki."

Nilinunua dagaa nisiowahitaji, nikaondoka.

Nilipofika Musoma nikatafuta opera moja mtandaoni, nikaisikiliza yote na kumwandikia. Mwenye sauti ya bass kaingia wapi, mama aliyeimba mwisho kaimbaje, ukumbi ulivyonyamaza. Juu kabisa niliweka: "Najua. Soma."

Safari hii akajibu Magesa mwenyewe:

"Alipomaliza, watu walisimama?"

Nikamwambia walisimama.

Nilichojifunza: ushahidi wangu wote ulikuwa wa kweli. Nilikosea kudhani kwamba mtu akibadilika, lazima kuna mhalifu nyuma yake.

Sasa wenye uzoefu nisaidieni. Nilimwandikia kwamba sauti ya yule mama ilikuwa nyembamba. Ananiuliza, nyembamba kama nini?

Nimekwama tangu jana. Nyinyi mngemjibuje?