Gundi kwenye Kopo la Mbegu

Niliiona gundi. Ilikuwa imevuja ukingoni mwa kopo la mbegu za kabichi, ya njano, imekauka, na yeyote mwenye macho angejua kopo limefunguliwa na kufungwa upya. Kwa miaka mingi nilikana.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Zamani mbegu zilifika milimani kupitia ushirika, zilipofika. Sasa ziliuzwa kila kona ya mji wa Morogoro. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nasomea lugha, na gari la kupanda kwetu Uluguru lilikuwa limeshawasha injini. Nikanunua kopo hivyo hivyo.

Mama ndiye aliyewaoteshea miche wanawake wa mteremko wetu. Walisema mkono wake haukosei. Kopo langu alilisia lote kwenye kitalu chake kando ya kijito, akawagawia miche. Kabichi zikarefuka, zikatoa majani membamba, hazikufunga vichwa. Hata moja.

“Dada, mkono umezeeka,” mama mdogo alimwambia, akicheka. “Sasa lea wajukuu.”

Mama akanigeukia. “Mbegu zilikuwa nzima?”

“Nzima, mama. Labda maji yalizidi.”

Msimu uliofuata hakuna aliyemletea mbegu, hata mdogo wake.

Mimi nilirudi mjini, nikawa mtaalamu wa neno feki. Kamusi za Waingereza zinasema lilikuwa neno la wezi wa London, asili yake haijulikani vizuri. Wapo wanaolihusisha na neno la Kijerumani la kufagia. Kwa wezi wale lilibeba karibu kila kazi yao: kuiba, kujeruhi, kukipamba kitu kibovu kipate mnunuzi. Kwetu lilishuka na bidhaa: betri feki, viatu feki, nywele feki. Kisha likapanda kwa watu, tukawa na wachumba feki na walokole feki. Mwisho likawa kitenzi, na vijana wa mtaa wa Kihonda wakaanza kufeki homa siku za mtihani. Niliandika makala, nikaalikwa kuzungumza, nikapigiwa makofi. Mfano wangu ulikuwa betri. Kabichi sikuzitaja.

Simu za mkononi zilipofika mlimani, nikawa nampigia mama kila Jumapili baada ya misa. Jumapili moja aliniambia anakifukia kitalu, atapanda magimbi.

“Kwa nini, mama?”

“Kwa mkono huu? Magimbi hayahitaji mkono.”

Nikamwambia. Kopo, gundi, gari lililokuwa linaondoka.

Aliuliza gundi tu.

“Uliiona?”

“Niliiona.”

“Ukasema maji.”

“Ndiyo, mama.”

Hakunitukana, ningefurahi angenitukana. Nilimsikia akimwita mdogo wake kwa sauti ile ya kuvuka bonde, kisha hatua, kisha watu wawili wakihema karibu na simu.

“Rudia,” mama alisema. “Mwambie na huyu.”

Nikarudia. Neno langu la makala halikunijia. Nilisema tu kopo lilikuwa bovu, na mimi nilijua.

“Dada,” mama mdogo alisema, si kwangu, na sasa hakuwa anacheka. “Nina mbegu ndani. Nilitaka kuzisia mwenyewe.”

“Zilete,” mama alijibu. “Ila kopo nitalifungua mimi.”