Koti Lililotwangwa

Darasa la nne, shule moja karibu na Endebess, tulisomewa hadithi ya Uchina ya kale. Mtumishi wa mfalme alichukua magome, matambara na nyavu mbovu, akaviloweka, akavitwanga, akavianika, ikawa karatasi. Wiki hiyo mwalimu alikuwa ananichapa kila siku kwa kukosa daftari. Nikasema moyoni, basi nitajitengenezea.

Wazazi walipokuwa shambani, nilivuta koti kuukuu la baba chini ya kitanda, nikalikatakata kwa panga na kuliloweka pamoja na maganda ya mahindi. Nililitwanga siku tatu kwa hasira, kila pigo nikimlenga mwalimu. Uji wake niliuanika juu ya bati. Ukakauka, ukawa kitu cha kijivu, kigumu, nami nikavimba kichwa.

Baba alipoulizia koti nilimwonyesha kazi yangu huku nacheka. Mwaka huo wa vita vya mashamba nyumba zilikuwa zinachomwa ili watu wahame, na watu wazima walikuwa wakishona barua za shamba, ushahidi wao pekee wa umiliki, ndani ya nguo ambazo hata mwizi hazitaki. Sisi watoto hatukuambiwa. Yetu ilikuwa ndani ya ukosi wa koti lile.

Baba alinipiga kwa mchi. Nilisikia mfupa wa mkono wa kushoto ukivunjika.

"Umetumaliza, wewe mtoto! Si ungeuliza?"

Mama alipomshika alisukumwa ukutani, damu ikamtoka puani. Nilimchukia baba siku hiyo, na sioni haya kusema.

Siku nne baadaye, asubuhi, wachomaji walifika kwetu na mishale na mapanga. Jirani yetu alikatwa shingo mlangoni pake, akaanguka juu ya ndoo ya maziwa. Nyumba yetu ikawaka. Baba alinibeba mgongoni hadi Kitale, mama akitufuata, mshale umemchana baba paja, damu ikilowesha miguu yangu.

Tulihifadhiwa na shangazi Bungoma. Vurugu zilipotulia, baba alienda nami ofisi ya mashamba, Kitale. Karani alitaka barua.

"Iliungua na nyumba," baba alisema.

"Mzee, hata wale nyumba zao zilichomwa wameleta. Walishonea kwa nguo. Wewe ulikuwa unangoja nini, bana?"

Baba alisema, "Ni mimi niliipoteza."

Shamba likapewa mtu mwingine. Nje nilisubiri anipige, tena nilitaka anipige. Alinishika mkono ule mzima, tukaanza safari ya kurudi Bungoma.