Fatiha Iliyosimamishwa kwa Neno Moja

Siku ile bado ninayo kichwani, mwanangu, maana niliaibika mbele ya kijiji kizima, na leo ninajivunia aibu ile. Gesi ilikuwa ndiyo kwanza imeonekana baharini huku kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Nilikuwa nimerudi kutoka Mtwara, nilikofanya kazi hotelini, na Kiingereza changu kilikuwa cha sahani na mashuka tu. Kijijini nani angejua? Nikajiita mkalimani, kofia nikaivaa upande.

Injinia mmoja wa kampuni ya gesi akaja kuzungumza nasi. Mkalimani wake hakufika, nikasimama mimi. Nilikwenda vizuri mpaka alipotaja neno moja, fensi. Sikulijua. Badala ya kuuliza, nikawaambia watu, "Anasema wataleta jambo la heri pale pwani." Watu wakafurahi, sheikh akainua mikono asome Fatiha. Kwetu Fatiha ikishasomwa shauri limekwisha, na anayelifufua huonekana mkorofi.

Shangazi yangu Zaituni, mchokoaji pweza, akasimama. "Sheikh, uniwie radhi, shusha mikono kwanza. We Salumu, heri gani hiyo isiyo na jina? Kasema neno gani?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Silijui, shangazi."

"Basi muulize senhor engenheiro, huyo bwana injinia. Mdomo si unao?"

Nikauliza. Yule muungwana hakunicheka. Alichora mchangani uzio wa nguzo na nyaya kutoka barabarani hadi majini, akaeleza kwamba neno hilo kwao limetokana na neno la kujilinda. Nilipotafsiri, shangazi akadakia: "Kujilinda na nani? Na sisi wachokoa pweza? Mwambani tutapitia wapi?"

Wanawake wote wakasimama. Hawakuketi mpaka injinia alipochora mlango wa kupita watu wawili na vikapu vyao, akautia kwenye ramani yake na kuweka saini. Hapo ndipo Fatiha ikasomwa, vigelegele juu! Na mlango ulijengwa, mwanangu. Shangazi alipita wa kwanza, nami nililia kwa furaha bila kujificha.

Basi nisikilize. Usilolijua, uliza, hata mbele ya watu elfu. Aibu ya kuuliza huisha siku ileile. Ukisema kwa niaba ya wenzako, kosa ni lako, lakini watakaoishi nalo ni wao.

Mungu akupe elimu, na akupe uso wa kusema "sijui." Amina.