Mkataba wa Paddy na Chungu cha Shangazi

Paddy Ojiambo hajawahi kuandika mkataba, hunakili. Mjini Busia anajulikana kama mwenye mahema na maua ya nailoni, lakini yeye hujiita mkurugenzi wa sherehe, na hakuna anayekodi kiti kwake bila kutia sahihi kwanza. Maneno ya mkataba aliyatoa kwenye hoteli moja ya kando ya ziwa, akabadilisha jina tu. Ndiyo maana wakulima wa Masaba na Kirewa, wanaochota maji kisimani, wameahidi kwa maandishi kwamba watoto wao hawatakimbia kando ya bwawa la kuogelea.

Mzee Eibu wa Mella, upande wa Uganda, naye alitia sahihi bila kusoma, binti yake Alupo alipokuwa anaposwa. Siku ilipofika, wakwe walikuja mapema kutoka upande wa Kenya, wakaketi chini ya hema lenye riboni za zambarau. Soda zikapita. Hakuna aliyetaja mahari. Katika ukoo wa Eibu mazungumzo hayo hayafunguliwi mpaka chungu cha ajon, pombe ya wimbi, kiwekwe katikati na wazee wa pande zote mbili washike mirija. Kuipika na kuileta ni kazi ya shangazi wa binti. Mgeni asiyewekewa chungu ameambiwa arudi kwao.

Shangazi, Alungat, alikuwa langoni na chungu kichwani. Paddy alikuwa amemzibia njia.

"Mama, mkataba umekataza vinywaji kutoka nje."

"Kijana, mimi nimezaliwa kwa hii boma. Wewe ndiyo umetoka nje."

"Ndugu yako alisaini."

"Alisaini ya viti. Sasa hivyo viti ndiyo vinaoa?"

"Iko kifungu cha tisa, mama."

"Huyo Tisa ni mtoto wa nani? Mwite aje tuongee."

Wanawake waliomfuata wakacheka. Paddy hakucheka. Watu wa aina yake hukiona kicheko kama uvunjaji wa masharti. Aliinua karatasi zake mbele ya uso wa yule mama, kama padri anayemfukuza pepo.

Chini ya hema, Ekaju, baba mkubwa wa mposaji, aliitisha fimbo yake. Alupo alimwona kupitia dirisha akiinuka, akajua maana yake: wageni wanaondoka. Alitoka mbio, pindo la gomesi, gauni lake refu la kukodi, mkononi, akampita Paddy bila kumtazama. Akampokea shangazi yake chungu, akakiweka palepale ukingoni mwa barabara, akapiga magoti kando yake.

Ekaju alifika langoni, fimbo mkononi. Akatazama chungu. Akamtazama msichana.

"Mirija iko wapi?" akauliza.

Wazee walitoka mmoja mmoja kumfuata. Walitaka kubeba viti; Paddy akawakumbusha kwamba viti haviruhusiwi kutoka chini ya hema. Wakaketi nyasini. Mahari ya Alupo ikakubaliwa hapo, vumbi la malori likiwaangukia, nao hawakulijali.

Paddy alibaki peke yake kati ya riboni, akiandika juu ya goti. Siku hizi mkataba wake una kifungu kipya: shangazi wa bibi harusi anaweza kuingiza chungu kimoja, kwa idhini ya maandishi ya mkurugenzi. Kile cha bwawa bado kipo.