Msumeno wa Meza na Bei Niliyoishusha

Shilingi mia tano ishirini na tisa. Hiyo ndiyo gharama yote ya msumeno wa meza ulioingia uani kwetu Kariakoo, kuanzia dukani mpaka ubao wa kwanza kupasuka vizuri. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata mia tano thelathini na moja, nikarudia, zikapungua shilingi mbili, na hiyo ndiyo faida pekee niliyoiona katika biashara ile. Mwenye duka alikuwa ametaka mia nne na sitini, kila kitu ndani yake, na kutuletea mpaka mlangoni. Mimi ndiye niliyemshusha.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nauza vitumbua kwenye baraza ya nyumba aliyoniachia mama yangu, na mume wangu alikuwa seremala, kazi yake akiifanyia uani, nyuma ya vyumba vya wapangaji. Mwaka ule gogo la mvule lilimponyoka wakati akilishusha kwenye mkokoteni, likamtegua bega la kulia. Hospitali walilirudisha mahali pake, lakini wakamwambia asahau kuvuta msumeno. Randa aliiweza, nyundo aliiweza kidogo. Kupasua ubao mrefu hakuweza tena. Na seremala asiyepasua mbao hununua zilizopasuliwa na wengine, faida yote ikabaki kwa hao wengine.

Akapata ahadi ya kazi ya korokoroni kwenye ghala moja bandarini. Walimpa mpaka mwisho wa mwezi atoe jibu. Mtu ambaye nusu ya mtaa wetu walilalia vitanda vyake, akakalie kigoda usiku kucha kulinda makasha ya watu. Hakusema anaitaka kazi ile wala haitaki. Ila kila jioni aliketi uani akipaka mafuta randa ambazo hakuzitumia mchana, halafu anazirudisha sandukuni moja moja. Nikaona hapa nisipofanya kitu, sanduku lile litafungwa moja kwa moja.

Zamu yangu ya upatu ilikuwa imefika. Tulikuwa wanawake ishirini, shilingi ishirini kila mmoja. Nikamwambia mume wangu, "Zipo mia nne. Katafute mashine."

Alikwenda mtaa wa Gerezani mchana wa siku nne mfululizo, kwenye duka la mzee mmoja aliyeuza mashine zilizokwisha kutumika. Misumeno ya meza ilikuwa miwili. Mpangaji wetu, kijana wa Kilimanjaro aliyekuwa fundi wa umeme, alikuwa amemwonya, "Baba, tazama mota kabla ya kitu chochote. Kama inataka nyaya tatu za moto, usiilete hapa. Umeme wa nyumba hii ni wa taa." Basi ule mkubwa, uliokuwa rahisi, ukaachwa kwa sababu ya mota yake. Mume wangu akabaki na ule wa pili. Alilaza rula ya chuma juu ya meza yake, huku na huku, asione mwanga chini ya rula. Akazungusha gurudumu la kupandisha sahani ya meno, likapanda bila kukwama. Akaushika mhimili akautikisa, haukucheza. Chini ya meza palikuwa na kabati la chuma, na mota imo ndani. Aliporudi siku ya nne aliongea juu ya mashine ile kuliko alivyopata kuongea juu yangu.

Hapo ndipo nilipompa sharti. Nilimjua mume wangu. Kitu akikipenda uso wake unakipandisha bei. Nikamwambia, "Kesho tunaenda wote. Wewe ukifika, kaa kimya. Usiitazame sana, usiishike, usiseme neno. Mambo ya bei niachie mimi."

"Sawa, bibie."

Tukafika asubuhi. Mwenye duka akataja mia nne na sitini. Nikacheka kidogo, cheko la kawaida la sokoni. Nikamwambia kwa bei hiyo nadhani na duka lenyewe limo. Akanitazama, akamtazama mume wangu, mume wangu akatazama dari. Akasema, "Mia nne thelathini na tano, mama," akamnong'oneza mfanyakazi wake. Yule mfanyakazi akaja na spana, akafungua pau la chuma lililokuwa juu ya meza, akaliweka kando.

Sasa mniwie radhi, mimi sokoni ninajua alama moja: mwenye mali akianza kukufungia mzigo kabla hujakubali bei, ameshachoka, na hapo ndipo pa kukaza. Nikadhani wanaifungua ili wahamali waweze kuibeba. Nikakaza.

"Mama, tuondoe na hii?" mwenye duka akauliza, akionyesha sahani ya meno.

Nikampungia mkono. "Wewe endelea, baba. Tunaongea bei."

Mia nne kumi na tano. Sahani ikatoka. Nikalalamika kutu, mahali palipokuwa na kutu na mahali palipokuwa na rangi ya kahawia tu. Mia nne na tano. Mkanda wa mpira ukatoka, ukaviringishwa vizuri, nikaona jamaa hawa ni watu safi. Nikamwambia mume wangu, "Twende zetu," nikageuka nikapiga hatua tatu. Nyuma yangu nikasikia, "Haya mama, basi mia tatu na kumi, lakini usafiri juu yako." Nilipogeuka mlango wa kabati ulikuwa wazi, na yule mfanyakazi ameingiza mikono mpaka mabegani.

Mtu anayeshuka shilingi tisini na tano kwa mpigo mmoja, ningepaswa kujiuliza. Sikujiuliza. Nilijipongeza.

Nikalipa. Nikapewa risiti ya Kiingereza, na chini ya bei palikuwa na mistari minne. Sikuweza kuisoma, kwa hiyo nikaihesabu mistari. Nikaihesabu tena. Ilikuwa minne.

Wahamali wawili wakaisukuma mpaka nyumbani kwa shilingi sita. Njiani mmoja akasema, "Mama, hii mashine nyepesi, Mungu akubariki." Nikachukulia kuwa ni adabu yake.

Jioni mpangaji akarudi kazini. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Njoo uunge umeme."

Akafungua kabati, akaingiza kichwa, akakaa humo muda. Alipotoka aliuliza taratibu sana, "Mama, mota mmeiweka chumbani?"

Sikumwelewa. Nikamwambia mota imo ndani, kila mtu anajua imo ndani. Akaomba risiti, akasoma ile mistari minne kwa sauti: bila ukingo, bila sahani ya meno, bila mkanda, bila mota. Nikamwambia arudie kusoma. Akarudia.

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa kwenye kigoda chake na mkono wake mbovu mapajani. "Wewe ulikuwa umesimama pale pale. Uliona?"

"Niliona."

"Uliona mota inatolewa?"

"Niliiona. Ilitolewa na bolti nne."

"Ukanyamaza."

"Uliniambia ninyamaze."

"Hata mota?"

Akafikiri. "Hukusema ninyamaze mpaka wapi. Na mimi nikajua una mpango wako. Kila ukipunga mkono, bei inashuka. Nikasema moyoni, huyu anajua kitu ambacho mimi sikijui."

Sikulala vizuri. Kilichonisumbua ni kwamba sikujua nimkasirikie nani. Nilipolirudia jambo zima kichwani kila mtu alikuwa amefanya sawa, na bado nilikuwa na meza ya chuma ya shilingi mia tatu na kumi, nzuri kwa kukandia unga.

Asubuhi nikarudi Gerezani peke yangu. Mwenye duka alinipokea kwa heshima, akanipa kiti. Akasema, "Mama, nilikuuliza, ukanipungia mkono. Nikamtazama fundi, fundi katulia. Nikajua fundi ana vyake nyumbani, anataka chuma tu. Wako wengi wa namna hiyo."

"Basi nirudishie vyote, nikuongeze mia na hamsini, tufike mia nne na sitini yako."

"Ukingo, lile pau la juu, aliuchukua mtu jana mchana. Vingine vipo. Lakini mota inayouzwa peke yake ina bei yake." Mota mia na thelathini, sahani kumi na nane, mkanda tisa. Nikafungua mdomo nianze kushusha, nikaona yule mfanyakazi amesimama pembeni na spana yake mkononi. Nikaufunga. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho mimi kulipa bei niliyotajiwa. Upatu ulikuwa umebaki shilingi themanini na nne. Nikamwambia aniwekee mzigo, nikapita kwa sonara nikaacha herini zangu, nikarudi na shilingi zilizopungua.

Waya na saruji vikala shilingi hamsini na sita nyingine. Mpangaji akaunga mota. Saruji ikamwagwa chini ya miguu ya kabati, mume wangu akalaza pima maji juu ya meza mpaka kiputo kikatulia katikati. Ukingo akautengeneza mwenyewe kwa mninga mkavu, akaubana kwa bolti mbili, moja kila mwisho. Kazi ya ukingo huo, alinieleza, ni ubao kuuegemea wakati unasukumwa, upate kupasuka sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili.

Mpangaji akawasha. Taa ya ukumbini ikafifia, sahani ikanguruma, wapangaji wote wakatoka milangoni. Mume wangu akasukuma ubao kwa mkono wa kushoto. Ukaingia shubiri moja, ukaanza kulia, moshi ukatoka wenye harufu ya mkate ulioungua. Halafu ubao ukarudi wenyewe. Sikuuona ukirudi, niliusikia tu, ulipompita ubavuni chini ya bega bovu na kugonga pipa la maji. Mpangaji akazima.

Mume wangu alikaa chini. Akalivuta sanduku la randa, akalifunga kifuniko. Kisha akasema, "Labda ulinzi si kazi mbaya. Mtu unakaa."

Mashine sikuijua. Nilichokijua ni kuhesabu, basi nikachukua futi kamba, nikapima kutoka kwenye sahani mpaka kwenye ukingo. Mbele, inchi sita. Nikazunguka upande wa pili nikapima nyuma. Inchi tano na robo tatu.

"Wewe ulipima wapi?" nikamuuliza.

"Mbele. Inchi sita kamili."

"Na nyuma?"

"Bibie, nimekuwa seremala miaka ishirini. Ukingo umenyooka."

"Na mimi nauza vitumbua. Njoo upime nyuma."

Akaja, akapima, akapima tena. "Ule wa chuma ulikuwa unajinyoosha wenyewe ukiubana mbele," akasema polepole. "Huu wa mbao hauna habari hiyo. Nyuma umesogea, unaubana ubao kwenye meno." Akalegeza bolti ya nyuma, akausogeza ukingo kwa kugonga na kiganja, tukapima pamoja, mimi mbele yeye nyuma, mpaka tukataja namba moja.

Akauchukua ubao ule ule uliomrukia. Mpangaji akamwambia, "Baba, simama kando, usisimame nyuma yake." Akawasha. Ubao ukapita wote, vipande viwili, kingo zake laini kama zimepigwa randa. Kufika adhuhuri alikuwa amepasua mbao kumi na moja, na mkono wa kulia haukufanya kazi yoyote ila kutulia. Nilihesabu kumi na moja mara zote mbili. Kesho yake alipita bandarini kuwaambia wasimngoje.

Juma halijaisha akaja mteja, kijana wa mtaa wa pili, anataka kitanda cha mninga, anaoa. Kitanda kama hicho sikuzote tulikiuza shilingi tisini, kwa kuwa kilimla mume wangu siku nane. Kijana akachungulia uani, akaiona mashine, akatabasamu. "Sasa mambo mepesi, baba. Siku tatu nne umemaliza. Bei nayo si itashuka?"

Nikaingia jikoni, nikahesabu kwa siku, ikaja shilingi arobaini. Nikahesabu tena, nikatia mota, waya, saruji na herini, ikaja mia na ishirini. Nikaanza upya nikapotea kabisa, kwa maana mia na ishirini kijana hatalipa, na arobaini ni sisi ndio tutakaomlipa yeye. Mume wangu akanifuata jikoni, akarudisha mlango.

"Bibie, nipe ushauri. Yule yuko barazani ananingoja. Nimtajie ngapi?"