Niliapa kwa Maziwa Yasiyo Yangu

Mwenye kosa ni mimi. Nasema mapema ili usije ukanihurumia katikati ya maneno, ukaanza kumlaumu mwanangu, au klabu, au chuo. Ni mimi, kwa mdomo wangu huu!

Mimi ni msusi, Mkongo wa Uvira. Nimesuka vichwa vya watu Johannesburg tangu mwanangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Nitamwita Espoir, ingawa si jina lake. Baba yake alifia njiani tulipokuwa tunakimbia vita, basi hapa tulikuwa wawili tu, mimi na yeye.

Mtoto huyo alikuwa na miguu! Alicheza mpira kwenye maegesho ya magari, akacheza shuleni, mpaka chuo kikuu kimoja Braamfontein kikamchukua asome bure na kuichezea timu yao. Nililia kwa furaha hadi mteja niliyekuwa namsuka akanishikia kitana.

Kulikuwa na jambo lingine. Wachezaji wazuri walikuwa wakichukuliwa na klabu za kulipwa kabla ya kumaliza masomo, na wafadhili wa timu wakachoka. Wakaja na mpango wao: kila mwaka ambao mchezaji anabaki chuoni, anawekewa pesa. Siku ya kuvaa joho anachukua zote. Akiondoka kabla, hapati hata senti.

Sisi wasusi tuliziita pesa za joho. Na mimi, Mungu anisamehe, nilizitumia kichwani kabla mtoto hajafika popote. Niliona saluni yangu mwenyewe, nimeacha kukodi kiti kwa watu. Nilikuwa nimeshawaonyesha wenzangu chumba chenyewe, kwenye kona yenye robot, magari yakisimama taa nyekundu yanasoma bango langu. Hata rangi ya ukuta niliwatajia. Domo langu hili!

Basi akiwa mwaka wa pili, klabu ya ligi kuu ikamtaka. Alikuja mbio, hakuvua hata viatu vya mpira.

"Mama, wananitaka! Wanasema nisaini mbele dirisha ya usajili ifungwe."

"Na joho?"

"Eish, Mama. Shule itaningoja. Mguu haingoji."

"Na ile franga ya joho, unaiachia nani?"

Aliniangalia kama hajanielewa. "Mama, franga iko kule pia. Lakini miye nataka kucheza."

Ningeweza kumwambia naogopa. Nimewaona vijana wa mpira waliorudi na goti bovu, leo wanalinda mageti ya watu. Hofu hiyo nilikuwa nayo kweli. Lakini kilichonisukuma ni kile chumba cha kwenye kona. Nikashika titi langu la kushoto, nikasema:

"Espoir, kama ulinyonya hapa, utabaki mpaka uvae joho. Ukitoka mbele ya hapo, hii maziwa ikuhukumu!"

Kwetu mama anaweza kugomba, akalia, akakupiga na mwiko, na bado ukafanya lako. Akishika titi akaapa, umekwisha. Mwanangu na wenzake ni Kiingereza na Kizulu, Kiswahili alikuwa ananipa mimi tu, lakini hilo alilielewa barabara. Alikaa chini akaanza kufungua kamba za viatu.

Sasa sikiliza nikuambie nisichowahi kumwambia mtu. Espoir hakunyonya kwangu!

Nilijifungua njiani, nina njaa, nina homa, titi limekauka. Aliyemnyonyesha ni mdogo wangu, ambaye naye alikuwa na mtoto mchanga. Alimpakata wake upande huu na wangu upande huu mpaka tukafika kambini Kigoma, na huko akaendelea hadi mtoto akaacha mwenyewe. Kwangu hakupata hata tone. Nilipokuja huku Kusini, mdogo wangu alibaki Kigoma.

Habari za kiapo zikamfikia. Akanipigia simu.

"Yaya," akasema, maana kwetu dada mkubwa ndiye yaya, "uliapa na maziwa ya nani?"

Nikamuuliza hali ya huko Kigoma.

"Miye sijamkataza mtoto. Umwambie aende."

"Nitamwambia."

"Umwambie leo, Yaya. Dirisha yao haijafungwa."

Neno moja tu lilitakiwa! Ningesema, "Mwanangu, kiapo kile hakikushiki, nenda," angekwenda. Kwanza nilisingizia bibi harusi wa kumsuka. Kisha nikasema mtoto mwenyewe leo amechoka, nitamwambia kesho. Nilichelewesha kwa makusudi, akili zangu timamu. Dirisha likafungwa. Klabu ikamchukua kijana mwingine wa timu ile ile, na siku hizi namwona kwenye televisheni. Wateja wanashangilia, mimi nimeinamia msuko.

Espoir hakugomba. Laiti angegomba! Alibaki, akasoma, akacheza kama mtu anayefua nguo za wengine. Siku ya mahafali nilivaa kitenge kipya, wenzangu wakapiga vigelegele. Pesa zilipoingia, alikuja nyumbani akazituma zote kwenye akaunti yangu, simu yake ikiwa mbele ya macho yangu. Kisha akasema kwa Kiswahili cha kwetu, polepole ili nisikose neno:

"Mama, hii ni bei ya maziwa. Tumemalizana."

Hapo pia ningeweza kusema. Nilifungua mdomo kabisa! Nikasikia unatamka, "Asante, mwanangu."

Saluni ninayo. Iko kwenye kona ile, rangi ni ile ile niliyoitaja. Kuiuza siwezi, maana atauliza kwa nini. Kuifurahia siwezi pia. Nafungua asubuhi, nafunga jioni. Yeye yuko ofisi moja ya mizigo huko Midrand, mpira hagusi wala haangalii. Jumapili anakuja, anakula, anaosha sahani yake, na lolote nisemalo analikubali. Anaongea nami Kiingereza tu.

Nikimwambia leo, simrudishii ile miaka. Nitampokonya na mama aliyemtii. Nisipomwambia, nitakufa nikila bei ya maziwa ya mdogo wangu. Naye bado ananipigia. Haulizi tena, ananisalimu tu, halafu ananyamaza akingoja, mpaka mimi ndiye ninayekata simu.

Wazazi wenzangu, mkitaka mtoto abaki shule, mwambieni abaki. Mwambieni mnaogopa. Hata mwambieni mnazitaka hizo pesa, ni aibu lakini ni kweli. Msimfunge kwa kitu asichoweza kubishana nacho! Na kama umeshamfunga, na neno la kumfungua unalo mdomoni, liseme kabla hajakulipa.

Wangu alishalipa.