Siku Ndalahwa Alipokaa Chini

Ndalahwa wa Kirumba, jijini Mwanza, alikuwa na mbio za ajabu. Akimpora mama simu pale Mwaloni, kwenye magunia ya dagaa, mama hajamaliza kuvuta pumzi ya kupiga yowe, kijana keshafika Nyamagana, simu keshaiuza, na kivuli chake ndiyo kwanza kinavuka barabara kikihema. Asiyeamini akawaulize dagaa wa siku ile.

Mbio zilipompungukia, wakamkamata. Mwenyekiti wa mtaa, aliyemjua marehemu mama yake, akamtoa mikononi mwa watu walioshika mawe. Akampa sharti: aende porini na kundi la mwalimu Teodora, mama wa Kihaya anayewatembeza vijana wa mjini kupanda miti na kutazama ndege. Akitoroka, safari nyingine hakuna wa kumwombea.

Ndalahwa alicheka. Ndege aliowajua yeye ni wale korongo wenye upara wa Mwaloni, wezi wenzake. Lakini akaenda. Mwalimu akawafundisha kukaa: ukimkimbilia ndege humpati, ukitulia kama jiwe anakusogelea mwenyewe. Kwa mtu ambaye hakuwahi kukaa bila kugeuka nyuma, kazi hiyo ilimuuma mapaja, halafu ikaanza kumpa usingizi mzuri. Siku moja ufukweni alitulia mpaka mdiria, yule ndege mvua samaki, akatua gotini kwake. Wengine husema akataga.

Basi wakaenda Misungwi, kwenye majaruba ya mpunga. Mwalimu akamgawia kila mmoja filimbi: atakayeona korongo taji apulize, wenzake waje. Jonathan, kijana mwingine wa Kirumba, akawaona wawili wakicheza. Akapuliza mpaka mashavu yakawa maandazi.

Mwalimu wa Bukoba na vijana wa lami, nani angewaambia? Huko filimbi ni ya sungusungu, walinzi wa kijiji: mwizi yuko zizini, kila mwanamume atoke. Filimbi ikajibu mlimani, nyingine bondeni, na punde wanaume wakachomoza pande zote na fimbo, pinde na mishale. Mwalimu alikuwa bado mbali, anavuka tope.

Vijana wakainuka. Miguu ya Ndalahwa ilikuwa ishafika Mwanza, kiwiliwili tu ndicho kilichobaki.

"Kaeni," akasema kwa sauti ndogo. "Akikimbia mmoja, tumekuwa wezi wote."

Akatangulia yeye kukaa kwenye tuta, viganja wazi juu ya mapaja. Wenzake wakafuata. Mzee Kashindye, kiongozi wa wale wanaume, akamsimamia na mshale ukiwa kwenye uzi.

"Shikamoo, babu."

Mzee akamkagua viganja, kisha miguu, na katika kukaguliwa kule Ndalahwa alizeeka kidogo.

"Marahaba. Ng'ombe wako wapi?"

"Hatujaona ng'ombe, babu. Tumeona ndege."

"Ndege." Mzee akawageukia wenzake. "Tumeacha ugali wa moto kwa ajili ya ndege."

Ndalahwa akanyoosha kidole polepole. Korongo walikuwa bado wanacheza, mataji yakiwaka juani, kama waliolipwa. Mzee akawatazama. Akashusha upinde, akalalamika kwamba ndio hao wanaomkanyagia mpunga, kisha akakunja magoti akakaa kando ya kijana.

"Sogea, mjukuu wangu. Unaniziba."

Teodora alipofika na tope mpaka kiunoni, filimbi zilikuwa mfukoni mwa mzee, na wanaume wenye mishale wamekaa msururu, wakitazama ndege.

Jioni Ndalahwa alirudi Kirumba akitembea. Waliomwona wanaapa kwamba kivuli chake kilitangulia kufika, kikamsubiri mlangoni.